Maswali ya Wasomaji: Kuomba Nafasi ya Kusomea Lugha Ng'ambo

Barua tulizopokea kuhusu masomo ya lugha za kigeni zimekuwa nyingi, na zimetoka pande zote za Mombasa na viunga vyake. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa mengi ambayo wasomaji wengine nao wameyauliza.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 18, mkaazi wa Kisauni. Baada ya KCSE nilipata ufadhili wa kusoma A-Level, mfumo wa Uingereza wa kujiandaa kwa chuo kikuu, katika shule moja ya binafsi hapa mjini, na masomo yangu ni Kifaransa, Historia na Fasihi ya Kiingereza. Nataka kuomba nafasi Oxford nisome Kifaransa pamoja na Kireno, ambacho nitakianzia huko huko. Kireno kimenivutia kwa sababu ya historia ya mji wetu. Maelezo yangu ya maombi nimeyaanza hivi: "Nimezipenda lugha tangu utotoni. Ndoto yangu ni kuwa kiungo kati ya tamaduni mbalimbali za dunia. Ninazungumza lugha nne kwa ufasaha na ninapenda kusafiri." Mwalimu mmoja ameniambia niyaondoe kabisa mambo ya Kiswahili, kwani watu wa huko hawashughuliki nayo. Je, ni kweli? Na je, mtu anayetoka shule ambayo haijawahi kupeleka mwanafunzi huko ana matumaini yoyote? — Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo ambalo waombaji wengi hulitambua wakiwa wamechelewa: shahada ya lugha za kisasa katika vyuo kama Oxford na Cambridge haikusudiwi hasa kumfundisha mtu kuzungumza. Kuzungumza kumo, na mwaka mzima, kwa kawaida wa tatu kati ya minne, mwanafunzi huutumia katika nchi ya lugha anayoisoma. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kusoma fasihi, kutafsiri vifungu vigumu, kuandika insha moja baada ya nyingine, na kuzitetea insha hizo mbele ya mhadhiri katika vikao vya wanafunzi wawili watatu. Anayekwenda huko akitarajia darasa kubwa la mazungumzo hushtuka katika majuma ya mwanzo. Wanaochagua waombaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu wanapoyasoma maelezo yako hawatafuti idadi ya lugha unazozungumza. Wanatafuta ushahidi kwamba wewe husoma, na kwamba ukisoma kitu hukiachi hivi hivi.

Kwa hiyo sentensi zako tatu, ingawa hazina kosa la sarufi, hazikusaidii. Sentensi ya kwanza imeandikwa na maelfu ya waombaji kabla yako. Ya pili haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Ya tatu ina jambo moja la kweli, kwamba unazungumza lugha nne, lakini umelipitia mbio kama abiria anayeshuka feri ya Likoni asubuhi. Kumbuka pia kwamba nafasi uliyo nayo ni finyu: mfumo wa UCAS, ambao ndio mlango wa vyuo vikuu vya Uingereza, unakupa herufi 4,000 tu, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Tangu maombi ya wanaoingia chuoni mwaka 2026, herufi hizo zimegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma somo hilo, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini zaidi nje ya masomo ili ujiandae. Kila jibu lazima lifikishe angalau herufi 350. Kwa chuo kama Oxford, maswali mawili ya kwanza ndiyo yatakayobeba uzito, na hilo la tatu lijibu kwa ufupi, kwa yale tu yanayohusiana na lugha na usomaji.

Sasa nije kwa Kiswahili, na hapa sikubaliani kabisa na mwalimu aliyekushauri. Huenda alikuwa na nia njema, akiogopa usije ukaijaza karatasi kwa mambo yasiyoulizwa. Lakini kumwambia mtoto wa Mombasa aufiche utamaduni wake wa ushairi anapoomba kusomea fasihi ni kumnyang'anya kitu ambacho wenzake wengi hawana. Lililo muhimu ni namna ya kukitumia. Usiandike kwamba Kiswahili ni lugha tamu na yenye historia ndefu, kwa maana hayo hayamwambii msomaji lolote kukuhusu wewe. Kitumie Kiswahili kama chombo cha kusomea Kifaransa.

Nikupe mfano mmoja, na naomba uufuate polepole. Lichukue shairi la kimapokeo kama tulivyolirithi kutoka kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840. Mshororo wake una mizani kumi na sita na umekatwa katikati, nane kwa nane, kina cha ndani kikiwa mwishoni mwa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na kina cha nje kikiwa mwishoni mwa utao, nusu ya pili. Mtoto aliyekulia katika mitaa yetu huusikia mkato huo masikioni kabla hajafundishwa jina lake. Kisha uchukue mshororo mkuu wa ushairi wa Kifaransa, ule uitwao alexandrin, uliotawala tamthilia na mashairi ya Wafaransa kwa karne kadhaa. Huo una silabi kumi na mbili, na mkato wake wa kawaida uko baada ya silabi ya sita. Ujihadhari katika kuhesabu, kwa sababu ile e nyepesi ya Kifaransa huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti, na haihesabiwi ikifuatwa na irabu wala ikiwa mwishoni kabisa mwa mshororo. Ukishazoea hesabu hiyo, sikio lako la Kiswahili litakuonyesha jambo. Mshairi wa Kifaransa anaweza kuuvuka ule mkato makusudi, asisimame pale msomaji anapotarajia asimame, na mshtuko huo mdogo ukawa sehemu ya maana. Mshairi wetu ana kina cha ndani kinachoufunga mkato kwa sauti. Je, naye ana uhuru ule ule? Akiutaka, huupatia wapi?

Ukiliandika swali hilo kwa sentensi nne au tano, ukataja shairi moja la Kifaransa ulilolisoma mwenyewe na mshororo mmoja uliokusumbua, utakuwa umeshapita mbali kuliko anayesema anapenda lugha tangu utotoni. Si lazima uwe na jibu. Mhadhiri atakayekuhoji atafurahi kulikuta swali ambalo yeye mwenyewe huenda hajaliwaza.

Kuhusu Kireno, nimefurahi kwamba umekifikiria, na mpango wako unawezekana. Kifaransa Oxford hukidai kiwe kimesomwa hadi A-Level au kiwango kinacholingana, lakini Kireno, Kitaliano, Kirusi na lugha nyingine kadhaa mtu anaweza kuzianza akiwa huko huko. Ila "historia ya mji wetu" ni maneno mapana mno. Nenda kwenye lango la Fort Jesus. Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na juu ya lango pana maandishi ya Kireno yanayoeleza kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira alifanywa kapteni wa ngome hiyo akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya na kuwarudisha katika utii watu wa pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao, ambaye maandishi yanamwita dhalimu. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, ambaye mwaka 1631 aliwageuka Wareno, akaitwaa ngome na kumuua kapteni aliyekuwako. Wareno walipokuja na majeshi mwaka uliofuata walishindwa kuirudisha kwa nguvu, na waliingia tena baada ya yeye kuihama.

Habari hizo za Yusuf hazimo katika jiwe. Jiwe linasema kapteni kijana ameshinda, basi. Nani anazungumza hapo, anamwambia nani, katika mji ambao wakaazi wake wengi hawakuwa wakisoma Kireno? Mbona kujenga upya kunatajwa kwa fahari, na sababu ya kubomoka haitajwi? Mwombaji anayeuliza hivyo juu ya maandishi anayopita chini yake kila aendapo Mji wa Kale ameshaanza kufanya kazi ya msomi wa Kireno, hata kama sarufi yake bado haijui. Andika hilo. Kisha tafuta Kireno kidogo cha kujifunzia mwenyewe kabla ya mahojiano, ili usionekane umelitaja kwa kupamba.

Hapa niongeze neno kwa wasomaji wengine waliosoma Kiarabu tangu chuoni kwa maalimu hadi shule ya upili. Oxford ina shahada inayounganisha lugha moja ya Ulaya na moja ya Mashariki ya Kati, kwa mfano Kifaransa na Kiarabu, na Cambridge vilevile huruhusu Kiarabu kisomwe pamoja na lugha ya Ulaya. Vijana wetu wengi hawaijui njia hii, nao ndio ingewafaa zaidi.

Tuje kwenye karatasi na tarehe, maana hapa ndipo wengi wenye uwezo huangukia. Maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa tarehe 15 Oktoba, mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Huwezi kuomba vyote viwili katika mwaka mmoja; chagua kimoja, na nafasi nne zinazobaki katika fomu ya UCAS uzijaze kwa vyuo vingine. Kwa kawaida Oxford hutaka alama za AAA kwa shahada hii, yaani A katika masomo matatu ya A-Level, na Cambridge hutaka A*AA, A* ikiwa juu ya A, hivyo soma kwa bidii somo ambalo hulipendi sana pia. Oxford huomba zaidi insha zilizoandikwa kwa ajili ya shule na kusahihishwa na mwalimu, na hizo hutumwa Novemba. Anza kuziweka insha zako sasa, zile zenye wino wa mwalimu, usizisafishe wala kuziandika upya. Mitihani ya kuingilia imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara katika miaka ya karibuni, kwa hiyo usijiandae kwa kutegemea karatasi ulizoachiwa na mtu aliyeomba zamani. Fungua ukurasa wa shahada yenyewe, wa mwaka wako, uone kama kuna mtihani, unaandikishwa vipi na lini. Mtihani ukiwepo, kutuma fomu ya UCAS hakumaanishi kwamba umekwisha kuandikishwa.

Barua ya mwalimu wako ya kukupendekeza nayo isiachwe hadi Oktoba. Shule isiyowahi kupeleka mtu Oxford huandika barua inayomsifu mwanafunzi kwa adabu, usafi na uongozi wa chama cha Skauti, mambo mema ambayo kamati ya huko haiwezi kuyatumia. Mwendee mwalimu wa Kifaransa mapema, muhula wa pili ikiwezekana, umwombe kwa heshima aandike jinsi unavyosoma: insha gani ilimshangaza, swali gani uliuliza ambalo halikuwa kwenye silabasi, umewahi kusoma nini bila kuagizwa. Mpe nakala ya insha hizo zimkumbushe. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la mwisho pia. Kutoka shule isiyojulikana hakukufungii mlango, kwa kuwa wanaochagua huangalia matokeo yako pamoja na mazingira uliyosomea. Kinachowafungia wengi ni kwamba hakuna mtu shuleni aliyewaeleza kinachotakiwa.

Ukiitwa kwenye mahojiano, yatakuwa Desemba, na Oxford huyafanya kwa njia ya mtandao. Omba chumba tulivu shuleni, uwe na mtandao wa akiba kwenye simu, na uijue anwani ya kuwaandikia mara moja stima ikipotea. Mara nyingi mwombaji hupewa kifungu kifupi asichokifahamu, shairi au nathari, akisome kwa dakika chache kisha akizungumzie. Watamwuliza pia maswali kadhaa kwa lugha aliyoisoma. Vijana wetu, waliofundishwa kwamba mbele ya mkubwa unajibu sawasawa au unanyamaza, hupata taabu hapa. Neno usilolijua sema hulijui, kisha sema unadhani lina maana gani na ni nini katika sentensi kinachokufanya udhani hivyo. Mhojaji akipinga wazo lako, hajakukasirikia; anataka kuona utalitetea au utalirekebisha. Kubadili mawazo kwa sababu iliyo wazi huhesabiwa kwa wema. Fanya mazoezi na mwenzako: mmoja alete ukurasa mmoja wa Kifaransa ambao mwingine hajauona, mpinganeni kwa nusu saa, kisha mbadilishane.

Kuhusu fedha sitakuficha. Mwanafunzi wa kigeni hulipa Oxford zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka za karo peke yake, takribani shilingi milioni sita, na gharama za kuishi ziko juu ya hizo. Ufadhili wa Reach Oxford, unaowalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nchi zinazopokea misaada ya maendeleo, hulipa karo, posho na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka, lakini nafasi zake ni chache mno na huombwa peke yake. Kwa hiyo ningekuwa mzazi wako ningekusihi uweke maombi mengine sambamba. Vyuo vya Marekani kama Harvard, Yale na Princeton hulipia mahitaji yote ya mwanafunzi aliyekubaliwa ambaye familia yake haina uwezo, awe Mmarekani au mgeni, na huko unaweza kusomea Kifaransa na Kireno vilevile. Ushindani ni mkali, lakini anayekubaliwa hazuiwi na karo. Nchini Ufaransa, vyuo vikuu vya umma viliwapandishia karo wanafunzi wasio wa Ulaya mwaka 2019 hadi euro 2,770 kwa mwaka wa shahada ya kwanza. Ni fedha nyingi kwetu, lakini ni sehemu ndogo ya zile za Uingereza, na vyuo kadhaa huwasamehe wanafunzi nyongeza hiyo. Jaribu Oxford kwa moyo wako wote, na hayo mengine uyaandike kwa uangalifu ule ule.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nilimaliza kidato cha nne nikapata B, lakini shuleni kwetu hakukufundishwa lugha yoyote ya kigeni. Tangu hapo nimefanya kazi ufuoni na hotelini, Mtwapa na Watamu, na sasa Kitaliano nakizungumza vizuri, na Kijerumani kidogo. Wageni wenyewe hunisifu. Nataka kusomea lugha chuo kikuu, hapa au Italia. Watu wananiambia Kitaliano cha ufuoni hakihesabiki. Nifanyeje? — Kijana wa Mtwapa

JIBU: Kinahesabika, mdogo wangu, na wanaokwambia hivyo wanakukatisha tamaa bure. Umejifunza kusikiliza Kitaliano cha watu wa Milano na cha watu wa Napoli, wanaokisema kwa haraka na kwa lafudhi zao, jambo ambalo mwanafunzi wa darasani hulitafuta kwa miaka. Ulichokikosa ni maandishi, na pengo hilo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Nikuonyeshe lilipo. Ufuoni kila mtu huitwa "tu", yaani "wewe" ya watu waliozoeana, mzee kwa kijana, na mgeni hachukii. Ukimwandikia karani wa chuo kikuu cha Italia kwa "tu", barua yako itasomwa kama ya mtu asiye na adabu, kwa kuwa hapo hutumika "Lei", yaani "wewe" ya heshima, na kitenzi chote hubadilika nayo. Vivyo hivyo, katika mazungumzo ya biashara unaweza kuishi miaka kumi bila kuitumia sawasawa ile hali ya kitenzi ambayo Waitaliano huita congiuntivo, baada ya maneno ya kudhani, kutaka na kuogopa. Kwenye insha ya chuo huwezi kuandika aya mbili bila kuihitaji. Pata kitabu cha sarufi, andika ukurasa mmoja kila siku, na utafute mtu wa kukusahihisha. Wataliano wanaoishi Malindi na Watamu ni wengi, na wapo walimu wastaafu miongoni mwao. Muulize mgeni aliyekusifu kama atakubali kukusomea ukurasa kwa wiki badala ya kukupa bakhshishi.

Kisha ufanye mtihani unaotambulika. Kwa Kitaliano kuna CILS, unaotolewa na Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, na CELI, unaotolewa na kile cha Perugia. Viwango vyake huanzia A1 hadi C2, kwa mpangilio uliowekwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na kwa kawaida shahada inayofundishwa kwa Kitaliano hutaka B2. Usikimbilie kufanya mtihani wa B2 kwa sababu unazungumza. Fanya karatasi za majaribio za kuandika kwanza.

Italia ina jambo moja linalokufaa: huangalia kwanza kama mwombaji amesoma miaka 12 kabla ya chuo kikuu, na mfumo wetu wa 8-4-4, miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, unaifikisha miaka hiyo. Waombaji wa kigeni hujiandikisha kwanza kupitia tovuti ya Universitaly, na majimbo ya huko yana ufadhili unaotolewa kwa kuzingatia mapato ya familia, ambao wageni pia huruhusiwa kuuomba. Hati za mapato lazima zitafsiriwe na kuidhinishwa, na kazi hiyo huchukua miezi. Familia nyingi za kwetu, ambazo mapato yake hayana karatasi yoyote, huchelewa hapa. Anza na chifu wa eneo lako mapema. Vyuo vya Perugia na Siena nilivyovitaja hutoa shahada pia, havitoi mitihani peke yake. Na huko Napoli, chuo kikuu cha L'Orientale hufundisha Kiswahili, kwa hiyo usidhani utakuwa unakwenda mahali ambapo lugha yako haina thamani.

Kwa hapa nchini, alama yako ya B imepita kiwango cha chini cha C+ kinachotakiwa kwa shahada, na unaweza kuomba kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Tatizo ni kwamba shahada nyingi za Kifaransa au Kijerumani, hasa za ualimu, hutaka uwe umeifanya lugha hiyo katika KCSE. Soma masharti ya kila kozi kabla ya kuichagua, usitazame jina la chuo pekee. Ukipenda kukiendeleza Kijerumani, Goethe-Institut iko Nairobi. Na ukitaka kuongeza Kifaransa, Alliance Française ipo hapa hapa Mombasa, na cheti cha Kifaransa cha DELF utakachokipata hutambulika kote duniani.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu ataingia Gredi ya 10 na anataka kuchagua lugha. Ndugu zangu wanasema namwachia apotee, achague sayansi. Mimi ni mama wa Changamwe, sikusoma sana, ningependa kujua kama kuna kazi mbele yake. — Mzazi

JIBU: Dada yangu, kazi ipo, ila nyingine si zile ambazo watu huzitaja. Wakalimani wa mikutano mikubwa, kama ya Umoja wa Mataifa kule Gigiri, ni wachache, na wengi wao wamesoma zaidi ya shahada ya kwanza. Karibu na wewe zaidi kuna bandari. Mizigo ya Kongo na Burundi hupitia Mombasa, na hati nyingi za wafanyabiashara wa nchi hizo ni za Kifaransa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2021 kwamba Kifaransa na Kiswahili viwe lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza, na Kongo ikajiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022. Anayeandika Kifaransa safi na anaelewa mambo ya forodha au sheria anatafutwa. Kwa hiyo asisome lugha peke yake; achague na somo lingine la kuiambatanisha nayo, kama vile biashara au historia.

Katika mfumo mpya wa elimu, lugha ziko chini ya mkondo wa Sayansi za Jamii, na kuna Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina miongoni mwa masomo ya kuchagua. Lakini somo kuwemo katika orodha hakumaanishi kwamba shule yenu ina mwalimu wake. Kabla ya kujaza chaguo, nenda shuleni ukiwa na binti yako, umwombe mwalimu mkuu awaonyeshe nani atakayefundisha lugha hiyo na kwa vipindi vingapi kwa wiki. Ikiwa hakuna, ulizia shule jirani kabla ya tarehe ya kuchagua haijapita, kwa sababu akikikosa Kifaransa sasa, vyuo kama Oxford na Cambridge, vilivyotajwa katika jibu la kwanza, havitamruhusu kukianzia huko.